Kukodi Hema Isongole: Ya Kujua Kabla ya Kupanda Mlima

Kuanzia Juni, mvua zikishakatika na njia za mlimani zikaanza kukanyagika, vijana hushuka Isongole, wilayani Rungwe, na mabegi, spika ya muziki na chakula cha kulisha harusi, kisha ndipo wanauliza hema linapatikana wapi. Wengine wametoka Mbeya mjini, wengine vyuoni, wengine Dar es Salaam wakiwa na koti moja jepesi la kuendea ofisini. Wanataka kulala karibu na Ziwa Ngozi, au kupanda Mlima Rungwe, au kupitia Isyonje waende Kitulo kuona maua, ambayo Juni yameshapukutika, maana msimu wake ni Desemba hadi Aprili. Swali la hema ni zuri. Limechelewa tu.

Mimi husema: kodi, usinunue. Hema la maana, begi la kulalia na godoro lake ni fedha nyingi kwa vitu utakavyovitumia mara moja au mbili kwa mwaka, na hema linalokaa uvunguni kwenye unyevu wa Rungwe huota ukungu hata kama halijapata kufika mlimani. Ila kukodi nako kuna utaratibu wake, na wanaoujua kuliko wote ni watunza stoo wa jeshi.

Nawataja wanajeshi kwa sababu. Marekani, kambi nyingi za jeshi zina dirisha la kukodisha vifaa vya mapumziko, chini ya idara inayojulikana kwa herufi MWR. Askari, mstaafu au mke wa askari anakwenda pale anakodi hema, jiko, mtumbwi, hata karavani ya kuvuta nyuma ya gari, kwa bei ambayo mara nyingi iko chini ya ile ya mtaani, kwa kuwa idara haitafuti faida. Kuanzia Januari 2020 sheria iliwafungulia mlango wa huduma za namna hiyo pia waliokuwa askari na wakapata ulemavu kutokana na utumishi. Wasemaji wa Kiswahili wamo jeshini humo: mwaka 2008 ulianzishwa mpango wa kuandikisha wageni wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwamo, hadi uliposimama mwaka 2016. Kwa hiyo kama unaye mpwa au binamu aliyevaa magwanda kule, muulize kuhusu dirisha hilo. Wapo wanaolipa bei ya mjini kwa kutojua kwamba haki yao iko hatua chache kutoka bwenini.

Hapa kwetu usiende getini Itende ukauliza hema. Kambi ya JKT si duka, na afande wa zamu hana la kukusaidia zaidi ya kukuonyesha njia ya kurudia. Shughuli za biashara za JKT zina mlango wake, nao ni SUMAJKT, shirika lililoundwa mwaka 1981, linalofanya ujenzi, ulinzi, kilimo na mengineyo. Huko unaweza kupeleka barua ya maulizo kama taasisi yoyote. Tunachoweza kuchukua kambini bila kuomba kibali ni nidhamu ya stoo. Kijana yeyote aliyepita JKT kwa mujibu wa sheria, tangu utaratibu huo urejeshwe mwaka 2013, anaijua: unapokea kwa kuhesabu, unasaini, unarudisha kilekile kikiwa safi, na kilichopungua unakijibia wewe. Nidhamu hiyo ikikosekana upande mmoja, ukodishaji wa hema hugeuka ugomvi.

Sasa vifaa viko wapi? Viko vingi kuliko watu wanavyodhani, lakini havina vibao barabarani. Mbeya mjini wapo waongoza watalii wenye mahema, na kwao hema huja pamoja na kiongozi na mpishi. Kwa watu wawili au watatu wasioijua milima hii, bei ya jumla namna hiyo inaweza kuwa nafuu kuliko kuokoteza kimoja kimoja. Makanisa nayo yana hazina. Waadventista Wasabato hufanya makambi kila mwaka, na vijana wao wa Watafuta Njia hulala mahemani, Skauti vilevile. Sehemu kubwa ya mwaka mahema hayo yamekunjwa stoo. Nenda kwa kiongozi na barua, taja tarehe, toa mchango unaoeleweka, na usimgongee mtunza stoo wa Kisabato siku ya Jumamosi.

Halafu wapo wenye maturubai na viti, ambao hakuna kijiji kinachowakosa kwa sababu msiba haupigi hodi. Hawa ndio wakodishaji stadi tulionao: wanajua amana, wanahesabu viti kwa kuangalia tu, na gari la kubebea wanalo. Turubai la msiba halipandi mlimani, ni zito na halina sakafu. Lakini kwa kundi la wanafunzi thelathini wanaotaka kulala uwanja wa shule na kupanda Ngozi asubuhi, ningechagua turubai moja, nailoni ya chini na magodoro ya kukodi kuliko mahema kumi na tano ya kubahatisha. Walimu wataona kila kichwa, na mvua ikija hakuna anayelia peke yake gizani.

Moshi na Arusha ndiko kwenye biashara kubwa ya kukodisha vifaa vya baridi, kwa ajili ya Kilimanjaro. Vifaa vyao ni vizuri na vinaweza kutumwa kwa basi kama mzigo. Uliza kwanza jambo moja: siku zinaanza kuhesabiwa lini, mzigo ukipakiwa au ukiupokea? Kutoka Moshi hadi Mbeya ni safari ndefu, na ukilipia siku za kwenda na za kurudi, usiku mmoja wa Rungwe utakugharimu kama usiku wa hoteli. Kwa kikundi cha siku tano au wiki, inafaa. Kwa Jumamosi moja, hapana.

Vitu vinavyogusa mwili usikodi. Soksi nene, sweta, kofia ya sufu, koti la mvua na buti vitafute kwenye mitumba ya Mwanjelwa, Mbeya mjini, vijaribu palepale, vifue nyumbani. Buti la kukodi lina umbo la mguu wa mtu mwingine, na malengelenge utayapata kabla hujafika kwenye mianzi.

Ukiwa mitumbani au kwa mkodishaji, kuna rangi moja ya kuikataa hata kama ni bure: ile ya mabaka ya kijeshi. Mabegi, mahema na makoti ya majeshi ya Ulaya na Marekani huingia nchini ndani ya marobota, ni imara, na kijana anayeyaona hudhani amepata mali. Raia kuvaa sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo ni kosa hapa nchini. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa wenye mavazi hayo kuyasalimisha. Kusema kwamba begi ni la kijeshi la Ujerumani na si la kwetu hakutakusaidia kizuizini pale Uyole, na safari yenu itaishia kwenye maelezo. Kama mkodishaji ana hema la mabaka, mwambie kwa upole una wasiwasi nalo, uchukue la kijani au la buluu lisilo na madoa.

Nije kwenye baridi, ambayo ndiyo huwatoa watu machozi. Ukingo wa Ngozi uko kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Rungwe karibu mita 2,960. Kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa nyuzi sita hivi, kwa hiyo baridi ya Isongole unayoilalamikia chini ni mwanzo tu. Juni na Julai, maeneo ya juu ya Uporoto na Kitulo hupata jalidi. Wakulima wa viazi wanaijua kwa majani yanayoungua alfajiri. Na mvua: miteremko ya Rungwe inayotazama kusini na mashariki hupokea karibu milimita 3,000 kwa mwaka. Kiangazi chetu basi si kiangazi cha Dodoma. Hata Agosti ukungu hushuka mchana, na nguo uliyoianika saa nne bado mbichi saa kumi.

Kwa sababu hiyo begi la kulalia ndilo la kulitazama kwanza, hata kabla ya hema. Mengi yana lebo yenye namba mbili za joto. Moja ni ya joto ambalo mtu hulala kwa raha, nyingine ni ya mpaka wa kuvumilia, na mkodishaji hukutajia ya pili kwa kuwa inavutia zaidi. Wewe shika ya kwanza. Kwa kilele cha Rungwe usichukue begi ambalo namba yake ya raha iko juu ya nyuzi sifuri. Tena, kati ya lililojazwa manyoya ya bata na lililojazwa nyuzi za viwandani, huku kwetu chukua la nyuzi, ingawa ni zito na halikunjiki likawa dogo. Manyoya yakilowa hushikana mabonge na joto huondoka. Likunjue, liweke chini kwa muda, uone kama linajaa hewa na kupanda. Likibaki bapa kama chapati, limechoka, na ubaridi utalipita kama halipo. Linuse pia. Harufu ya ukungu haitoki kwa usiku mmoja.

Godoro la povu ni la lazima, si la starehe. Baridi kubwa hutoka ardhini, na mtu mwenye begi zuri juu ya udongo mtupu atatetemeka kumzidi mwenye blanketi mbili juu ya povu. Kama fedha haitoshi vyote, punguza ubora wa hema, usipunguze godoro.

Kuhusu hema lenyewe, hakikisha lina vipande viwili: chumba cha ndani na kifuniko cha mvua kinachoshuka hadi karibu na ardhi pande zote. Mahema ya ufukweni yenye kikofia kidogo juu yanapendeza kwenye picha na yanavuja Rungwe. Tena idadi ya watu iliyoandikwa huwahesabu waliolala kama dagaa, bila mabegi. Hema la watatu ni la wawili.

Usilipe kabla hujalisimamisha. Sema tu: "Shikamoo mama, naomba tulifungue hapa uani nilione, nisije nikakuletea lawama kesho." Hakuna mkodishaji mwaminifu atakayekasirika, na anayekasirika amekujibu tayari. Hesabu fimbo na vigingi. Fungua na kufunga kila zipu mara mbili, kwa kuwa zipu ndiyo hufa mwanzo, na hema lisilofungika ni mwavuli tu. Ingia ndani mchana jua likiwaka, uufunge mlango, utazame juu: vitundu vitaonekana kama nyota. Kisha omba ndoo ya maji, umwage taratibu kwenye mishono ya kifuniko huku mwenzako akipapasa kwa ndani. Mshono unaovuja unaweza kuzibwa na gundi yake siku hiyohiyo, na ukiomba ipunguzwe bei hutanyimwa. Piga picha kila kasoro mkiwa wote wawili.

Andikeni. Karatasi moja ya daftari inatosha: vitu na idadi yake, kasoro zilizokuwapo, siku ya kuchukua, siku na saa ya kurudisha, kodi ya siku, amana, na thamani ya kila kitu kikipotea kabisa. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa, na ndilo huleta kelele, sababu hema kuukuu likipotea huwa ghafla lilinunuliwa jipya wiki iliyopita. Kodi na amana zitume kwa simu mara mbili tofauti, ili ujumbe wa amana usimame peke yake siku ya kudai. Kitambulisho cha Taifa usikiache rehani, acha nakala. Utakihitaji njiani, na kadi ikipotea kwenye droo ya mtu mwingine kuipata tena ni safari nyingine.

Wapo wenye ndoto ya karavani au trela la kulala, kama wanavyoona kwenye video za Afrika Kusini. Barabara ya lami ya Uyole hadi Kyela inapitika, lakini kupanda milima ya Uporoto kwenye ukungu nyuma ya lori, huku unavuta nyumba kwa gari dogo la familia, sikushauri. Kupeleka trela Kitulo kupitia Chimala, kwenye zile kona 57 za kupandia Matamba, ni wazo la mtu ambaye hajaziona. Ukishikilia, hakikisha trela lina namba yake ya usajili na bima yake, taa za nyuma zinawaka kwa breki na kwa indiketa, na kifungio kinalingana na mpira wa gari lako kwa kipimo, si kwa macho. Hata kule kambini Marekani wapo wasiokukabidhi karavani bila kulikagua gari litakaloivuta. Kwa nchi hii yetu gari la juu lenye hema la kufungwa paani, ambalo wakodishaji wa Arusha na Dar es Salaam wanalo, lina akili zaidi.

Kabla ya kubeba mzigo, pata kibali. Mlima Rungwe ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2009, na msitu wake ndimo wanasayansi walimogundua kima aina ya kipunji, mwaka 2003. Msitu wa Ngozi nao umehifadhiwa. Yote iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kitulo ni Hifadhi ya Taifa, iko chini ya TANAPA na ofisi zake ziko Matamba. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu ya serikali, na mtu anayekuomba taslimu njiani bila risiti usimpe. Kiongozi wa kijijini mchukue hata kama una ramani kwenye simu. Ukungu hauijui ramani.

Mawili ya kuokoa maisha sasa. Sisi wa nyanda za baridi tumezoea kuingiza jiko la mkaa ndani jioni, na mtu anayetetemeka ndani ya hema hulifikiria haraka. Usifanye hivyo kamwe, hata makaa yakiwa yamebaki majivu mekundu. Hewa yake haina harufu, inaleta usingizi, na wengi walioupata usingizi huo hawakuamka. Jiko la gesi nalo lipikie nje, umbali wa hatua kadhaa kutoka kwenye hema. Ukitaka joto, chemsha maji, yatie kwenye chupa ngumu, uifunge na soksi, ulale nayo miguuni.

La pili ni mahali pa kusimamisha. Milima hii ni ya volkano, na ardhi yake bado inapumua. Wilayani humuhumu kampuni ya TOL Gases huvuna hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kuiuza kwa viwanda vya vinywaji. Hewa hiyo ni nzito kuliko ya kawaida, hutulia mabondeni usiku pasipo upepo. Huko Goma mashimo yake yanaitwa mazuku na yameua watu na mifugo. Kwa hiyo kibonde kizuri kilichojikinga na upepo, ambacho kila mgeni hukichagua, kiache. Mahali ambapo kiongozi anakataa palale mtu, usibishane. Lala kwenye mwinuko kidogo, na kama kuna mianzi iliyokatwa, kagua chini kwa mkono kwanza, maana kisiki cha mwanzi hutoboa sakafu ya hema kama msumari.

Kurudisha ndiko kunakokujengea jina. Huku kwetu hema haliwezi kukauka Jumapili jioni, kwa hiyo patana tangu mwanzo kwamba litarudi Jumanne likiwa kavu, bila kodi ya siku hizo mbili. Wengi hukubali kwa kuwa wanajua hasara ya kupokea hema bichi usiku na kulifungia. Lioshe kwa maji matupu na kitambaa. Sabuni ya unga huondoa ile ngozi ya kuzuia maji. Lisimamishe tena mbele ya mwenyewe, mhesabu vigingi pamoja, mdai amana yako palepale. Ulichokiharibu kitaje wewe kabla hajakiona.

Na wewe mwenye stoo, mchungaji, mwalimu wa skauti, mwenye maturubai: mabasi ya Tukuyu na Kyela yanapita Isongole kila siku, Ngozi iko jirani, na wageni wanapita na fedha zao kwenda kulala Mbeya kwa kukosa mahema kumi na daftari la stoo. Nunueni kidogokidogo, kianze kikundi cha vijana waliotoka JKT ambao wanajua kupokea na kukabidhi, andikeni bei ukutani, na bei iwe moja kwa mgeni na kwa mwenyeji. Wekeni na namba ya simu barabarani kabla ya Juni.